Nyumba, Shule na Uwanja wa Dola Milioni 60

Ukiwa na mwenzi wako mnatafuta nyumba Allen, kitongoji cha Dallas huko Texas, jueni mnanunua na shule. Shule za serikali kule hutegemea sana kodi ya majengo, na Allen High School ina wanafunzi wapatao 5,000. Mji mzima unakula sekondari moja!

Mwaka 2009 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 119. Humo ukatoka ukumbi wa sanaa na, shikamoo pesa, uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa watu 18,000, karibu milioni 60. Ulifunguliwa 2012, ukafungwa 2014 kwa nyufa za zege, ukarudi 2015. Hapo ndipo wanandoa wangegombana: kodi yetu hiyo!

Timu nayo ilijibu. Kyler Murray alianza mechi 42, hakupoteza hata moja, mataji matatu ya jimbo, 2012 hadi 2014. Lakini mimi nimeipenda zaidi sheria ya Texas ya 1984: ukipata chini ya 70 kwenye somo la kawaida, unakaa nje ya mechi kwa wiki kadhaa, hata uwe staa vipi.