Asili ya Neno "Kanisa" na Wito wa Usharika

Mgeni akiuliza pale Ruhuwiko, mjini Songea, "Kanisa liko wapi?", ataonyeshwa jengo. Jibu hilo si kosa, ila laficha jambo ambalo sisi wahudumu wa Neno hatuna budi kulifundisha. Katika makala haya tunachunguza maneno ambayo Wakristo wa Ulaya hulitajia Kanisa, kisha tunalitazama neno letu.

Lugha nyingi za Ulaya zimefuata mojawapo ya njia mbili. Baadhi zilipokea neno la Kiyunani kyriakon, yaani "ya Bwana", lililotajia nyumba ya ibada: Kirche kwa Kijerumani, kyrka kwa Kiswidi, kerk kwa Kiholanzi, church kwa Kiingereza. Katika Agano Jipya kivumishi hicho kimo mara mbili tu, kwa chakula cha Bwana (1 Kor. 11:20) na siku ya Bwana (Ufu. 1:10), hakitaji jengo kamwe. Lugha nyingine zilifuata ekklesia, yaani kusanyiko: église kwa Kifaransa, chiesa kwa Kiitaliano, iglesia kwa Kihispania. Neno hili lilikuwa la kiraia kabla ya kuwa la kidini, katika Mdo. 19:39 ni kusanyiko halali la raia wa Efeso.

Martin Luther hakuridhika na Kirche. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alieleza kwamba nyumba hupewa jina hilo kwa sababu ya watu wanaokusanyika humo. Tena katika tafsiri yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, ekklesia aliiita Gemeine, yaani watu walio na mambo kwa shirika.

Neno letu "kanisa" limetoka katika Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Kiaramu, katika shina lenye maana ya kukusanya. Shina hilo limo pia katika Kiebrania, ambamo sinagogi huitwa beit knesset, nyumba ya kusanyiko. Nalo neno "usharika", lenye asili ya Kiarabu, lahusu kushiriki pamoja. Hivyo Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyo karibu mno na lile alilolitaka Luther.

Ni kweli kwamba asili ya neno peke yake haithibitishi fundisho; James Barr alilionya jambo hilo mwaka 1961. Lakini historia ya Ruvuma nayo inashuhudia. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilichomwa moto. Majengo yaliteketea, Kanisa halikuteketea.

Basi, tunapohimiza harambee za bati na saruji, na tujiulize: je, wagonjwa wanatembelewa? Wajane wanakumbukwa? Usharika unaomaliza jengo huku washarika wake wametawanyika umejenga nyumba, bali kanisa bado.