Kibanja cha Baba na Haki ya Binti

Jioni moja huko Kanoni, Karagwe, tulikuwa akina mama tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi za kupikia watu msibani. Marehemu alikuwa ameacha mke na mabinti wanne. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Kabla matanga hayajaisha, wazee wa ukoo walikwisha kuanza kuulizana ni nani atakayeshika kibanja. Mabinti wenyewe hawakuulizwa neno.

Mama mmoja aliweka kisu chini akasema polepole, "Kwa hiyo mimi niliyezaa wasichana watupu, miaka yote hii nimekuwa nikimlimia nani?"

Hakuna aliyemjibu. Tuliendelea kumenya ndizi. Lakini swali lake ni la wengi wetu, wa Karagwe na Kyerwa, wa Muleba na Bukoba. Ni vema tujue kwamba lilikwisha kujibiwa mahakamani, na aliyelifikisha huko alikuwa bibi wa kijijini wa mkoa wetu wa Kagera.

Kesi ya Bibi Holaria

Jina lake ni Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, aliamua kuliuza ili apate cha kumsaidia. Tarehe 24 Agosti 1988 alimwuzia mtu asiye wa ukoo wake kwa shilingi 300,000.

Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Aliomba mauzo yale yafutwe, kwa kuwa mila ya Kihaya haimpi mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilikubaliana naye, ikamwamuru bibi arudishe fedha. Bibi hakukubali. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Ndipo Ephrahim naye akakata rufaa, na kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Kwa mila peke yake, Ephrahim alikuwa na hoja. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema kwamba mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maadamu yu hai. Kuiuza hawezi. Binti aliwekwa daraja la tatu katika urithi, nyuma ya kaka zake wote. Mjane mwenye watoto hakupewa fungu. Alitakiwa kutunzwa na watoto wake. Hata Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya mahakama zote nchini, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo.

Nini basi kilichobadilika? Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania, na Ibara ya 13 ikakataza ubaguzi. Lakini watu walizuiwa kuzitumia haki hizo mahakamani mpaka mwezi Machi 1988. Bibi Holaria aliuza shamba lake miezi mitano tu baada ya mlango huo kufunguliwa.

Hukumu ilitolewa Februari 1990. Jaji alisema kwamba mila inayomzuia mwanamke kufanya jambo ambalo mwanamume anaruhusiwa ni ya kibaguzi, na inapingana na Katiba pamoja na mikataba ambayo Tanzania imetia saini. Akaamua kwamba mauzo ni halali. Alistaajabu pia kwamba aliyewapigania wanawake katika jambo hili alikuwa mama mzee wa shamba, wala si wasomi wa mjini ambao wamesema mengi kwa miaka mingi.

Je, mahakama ilivunja ukoo?

Hukumu hiyo ilizusha maneno mengi. Wapo waliosema kwamba sasa wanawake watauza makaburi ya mababu. Tusiwacheke. Kwetu kibanja ni zaidi ya udongo. Ndipo walipozikwa wazee wetu, ndipo ilipo migomba iliyotulea na kahawa iliyotupeleka shule. Hofu ya kuona kibanja kikienda kwa mgeni ni hofu ya kweli.

Lakini tusome vizuri kilichoamuliwa. Kwa mila hiyo hiyo, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo, ndugu wana nafasi ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji hakuiondoa nafasi hiyo. Alimpa Ephrahim miezi sita alipe shilingi 300,000 na kulikomboa shamba. Akishindwa, lingekuwa la mnunuzi. Ukoo ulibaki na haki yake. Kilichoondolewa ni kipimo cha pili, kile kilichowekwa kwa ajili ya wanawake peke yao.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kitabu cha Ruthu. Boazi alikaa mlangoni pa mji mbele ya wazee, akamwuliza ndugu wa karibu zaidi kama yu tayari kulikomboa shamba la Naomi. Yule alipoona gharama yake alirudi nyuma. Ndivyo ilivyo hata leo. Anayedai ardhi ya ukoo aulizwe pia kama yu tayari kuubeba mzigo wake, na mzigo wa kwanza ni kumtunza bibi mzee asiye na mtu.

Mabinti watano wa Selofehadi

Liko fundisho jingine, la zamani zaidi. Katika Hesabu sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee. Baba yao alikuwa amekufa bila kuacha mwana. Waliuliza kwa nini jina lake lipotee kwa sababu hiyo. Musa hakuwafukuza, wala hakujibu kwa akili yake mwenyewe. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema kwamba mabinti hao wamenena haki, wapewe urithi.

Katika sura ya 36 wazee wa ukoo nao walikuja na hofu yao: je, mabinti wakiolewa na kabila jingine, ardhi haitahama? Nao walisikilizwa. Mabinti waliagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki ya binti haikufutwa, na hofu ya ukoo haikudharauliwa. Kila upande ulipata kusema mbele ya Bwana.

Safari haijawa nyepesi

Mahakama zetu zimetusaidia, lakini si kila mara. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo Bi. Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa ilionekana fungu lake alikwisha kulitumia.

Wajane wawili wa Shinyanga walifungua kesi kupinga kanuni zile za mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya karatasi, bila kuligusa shauri lenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na haki za wanawake iliamua kwamba walionewa.

Na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuozwa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba.

Tufanye nini nyumbani?

Mama mpenzi, haki isiyojulikana haimlindi mtu. Haya ni machache ya kuanzia:

1. Zungumza na baba watoto mapema, mkiwa wazima na mkiwa na amani. Usingoje ugonjwa. Bibi Holaria alikuwa na wosia wa baba yake. Bila huo angesimama na nini mahakamani?

2. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo. Ulizeni Mahakama ya Mwanzo au msaidizi wa kisheria aliye karibu namna ya kuukamilisha.

3. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mkienda kuomba hati ya haki miliki ya kimila, andikisheni majina yenu wawili.

4. Nyumba mnayoishi haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Usitie saini karatasi ambayo hukuisoma wala kusomewa.

5. Mfundishe mwanao wa kiume. Kaka aliyelelewa kumpenda dada yake hatamfukuza kwenye kibanja cha baba yao.

Na sisi wenyewe tujichunguze. Mara nyingi anayemwambia mjane afungashe vyombo vyake ni wifi au mama mkwe, mwanamke kama yeye. Siku ya msiba tutakayoulizwa, tuwe upande wa mwenye haki.

Jioni ile Kanoni, mama yetu alikiokota kisu chake akaendelea na ndizi. Lakini mkubwa wa wale mabinti wanne alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kesho yake asubuhi aliwaendea wazee, akawapigia magoti kwa heshima, akasema, "Baba zangu, nasi tunaomba kusikilizwa." Walimpa kiti.