Mashine Ikinyamaza: Pimeni Waya Kabla ya Kununua Kompyuta



Vikundi vingi siku hizi vinakodi eskaveta au greda kuchimba bwawa la maji au kufungua barabara. Pesa hizo ni jasho la wanachama. Mashine ikisimama, siku zinahesabiwa na mvua inakaribia. Kwa hiyo tumeona tueleze shida moja inayowachanganya hata mafundi, na inayoweza kumaliza mfuko wa kikundi bure.

Yaliyotokea

Kikundi kimoja tunachotembelea kilikodi eskaveta ya kuchimba bwawa. Siku ya pili injini ikakataa kupanda. Ikawa inanguruma chini chini tu, mkono hauna nguvu, na kioo cha dereva kimejaa namba za makosa. Fundi wa mwenye mashine akaja, akatazama kioo, akasema, "Mama, kompyuta ya injini imekufa. Nipeni pesa kidogo ya mbele ninunue ingine."

Mama mwenyekiti akamwuliza, "Fundi, umeipima?"

Hakuwa ameipima. Mwekahazina akakataa kufungua mfuko. Kesho yake akaitwa fundi mwingine, mwenye mita ya umeme. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametuonyesha waya mmoja chini ya sakafu ya kibanda cha dereva, umesuguliwa na chuma mpaka ukakatika. Waya ukaunganishwa, mashine ikarudi kazini. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa.

Kompyuta hizi huongeaje?

Mashine za zamani, dereva alivuta kamba ya chuma na injini ikapanda. Za siku hizi zina masanduku kadhaa ya kompyuta: la injini, la haidroliki, la kioo cha dereva. Masanduku haya huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mara nyingi mmoja wa njano na mwingine wa kijani. Mpango huu unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka wa 1986 kwa ajili ya magari. Mashine nzito nyingi huutumia kwa utaratibu unaoitwa J1939.

Ufikirieni kama mkutano wa kikundi. Anaongea mmoja, wote wanasikia. Wawili wakianza pamoja, mwenye neno la haraka anaendelea na mwenzake anangoja. Kila mwisho wa nyaya hizo kuna rezista ya omu 120. Kazi yake ni kuzuia sauti isirudi nyuma kama mwangwi wa bondeni na kuwachanganya wanaosikiliza.

Anayelalamika si lazima awe mgonjwa

Hapa ndipo wengi hukosea. Sanduku la haidroliki likikosa habari za injini, lenyewe ndilo linaloandika kosa. Fundi asiyejua atalibadilisha hilo, kumbe shida iko njiani. Kosa likiwa moja tu, la sensa moja, anzeni na sensa hiyo na waya wake. Lakini makosa yakija mengi kwa wakati mmoja, kutoka masanduku tofauti, yote yakisema habari hazifiki, basi shukuni njia yenyewe. Katika J1939, namba 639 huonyesha kwamba kosa liko kwenye njia ya mawasiliano.

Jinsi ya kupima

Kazi hii ni ya fundi, kwa ruhusa ya mwenye mashine. Ninyi simameni hapo muone.

1. Kwanza betri. Mashine kubwa nyingi hutumia volti 24. Betri dhaifu, fyuzi iliyoungua, au waya wa ardhi wenye kutu pale unapofungwa kwenye chuma, hunyamazisha sanduku zima. Sanduku lisilopata umeme haliwezi kuongea.

2. Zimeni mashine, ngojeni dakika chache, kisha tenganisheni betri. Kupima omu umeme ukiwepo kutatoa namba ya uongo.

3. Wekeni mita kwenye omu, mpime kati ya nyaya mbili za CAN kwenye soketi ya kupimia, ile ya duara yenye pini 9. Kwa mashine nyingi za J1939 ni pini C na D, lakini si zote. Fundi aangalie kitabu cha mashine.

4. Someni namba:
- Karibu 60: rezista zote mbili zipo na njia haijakatika.
- Karibu 120: rezista moja haipo, au waya umekatika katikati. Hii ndiyo namba tuliyoiona siku ile.
- Karibu 40: mtu ameongeza rezista ya tatu.
- Karibu 0: nyaya mbili zimegusana, yaani shoti. Fundi achomoe sanduku moja moja huku akitazama mita. Namba ikipanda, shida iko kwa sanduku hilo au tawi lake.

5. Rudisheni betri, washeni swichi bila injini. Kutoka kila waya hadi chuma cha mashine, mita isome karibu volti 2.5, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Ukisoma 0 au volti za betri, waya huo umegusa mahali pabaya.

6. Shikeni nyaya, mzitikise polepole huku mita ikisomwa. Angalieni panapokunjwa na kusuguliwa, plagi zilizoingia maji, na mahali panya wametafuna.

Sanduku la kompyuta lihukumiwe mwisho, baada ya hayo yote.

Onyo la welding

Ndoo ya eskaveta ikipasuka, watu hukimbilia kuchomelea papo hapo. Umeme wa welding unaweza kuua kompyuta kweli. Tenganisheni betri kwanza, mchomoe masanduku kama kitabu kinavyosema, na waya wa ardhi wa welding ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Mapatano kwa maandishi

Kabla mashine haijashuka kwa lori, andikeni: saa zitasomwa kwa mita ya mashine, saa za kuharibika hazilipwi na kikundi, na matengenezo ni ya mwenye mashine. Fundi akitaka kubadilisha kompyuta kwa pesa zenu, aonyeshe kwanza namba alizopima, na katibu aziandike.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mashine tuliyokodi mwisho ilisimama siku ngapi, na nani alilipa siku hizo?
2. Mapatano yetu yanasema nini mashine ikiharibika?
3. Ni nani kati yetu, kijana au mama, anayeweza kujifunza kusoma mita ya umeme?