JIHADHARI NA JOTO LA SIMU

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na afya ya mama wajawazito. Mwezi huu tutazungumzia kifaa kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, kuanzia Namanyere mjini hadi Kirando na Wampembe kule ziwani. Kifaa hicho ni simu janja. Wengi wetu tumewahi kuishika ikiwa ya moto, tukaiweka pembeni kidogo, kisha tukaendelea kuitumia. Je, joto hilo ni la kawaida? Lina madhara gani mwilini? Na tufanye nini lisije likatuletea msiba nyumbani?

Joto linatoka wapi?

Kila simu hutoa joto inapofanya kazi. Kwanza, ndani yake mna kifaa kinachofanya mahesabu yote, ambacho tunaweza kukiita ubongo wa simu. Ukitazama video kwa muda mrefu, ukicheza michezo au ukiwagawia wenzako intaneti, ubongo huo hufanya kazi ngumu na kupata moto. Pili, betri hupata joto inapochajiwa na inapotumika. Anayechaji huku anatazama video anaiongezea simu mzigo juu ya mzigo. Tatu, mahali ambapo mtandao ni hafifu, kama katika mabonde na vijiji vilivyo mbali na mnara, simu hutumia nguvu nyingi zaidi kuutafuta mnara. Ndiyo maana simu inaweza kupata moto mfukoni ingawa mwenyewe hajaigusa.

Pengine utasema, "Huku Ufipa kuna baridi, joto la simu ni tatizo la watu wa Dar es Salaam." Si kweli. Baridi yetu ya Juni na Julai hutufanya tujifunike mablanketi mazito, na simu tukaiingiza humo humo. Blanketi linalozuia joto la mwili lisitoke huzuia pia joto la simu. Wazee wa Ufipa walioyeyusha chuma katika malungu walijua jambo hili: joto likifungiwa mahali pamoja, huzidi kupanda. Katika tanuri hilo ndilo lililotakiwa. Kitandani ni hatari.

Jua nalo lina sehemu yake. Watu wengi vijijini huchaji kwa umeme wa jua, na wengine huilaza simu juu ya paneli yenyewe au kandoni mwake. Paneli ikipigwa na jua la mchana hupata moto sana. Watengenezaji wa iPhone, kwa mfano, hushauri simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Juu ya paneli, au mbele ya usukani wa gari lililoegeshwa juani, kiwango hicho hupitwa haraka.

Kwa nini betri inaweza kuwaka?

Betri za simu janja hutumia madini ya lithiamu. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuibuni na kuiendeleza. Ni betri nzuri, lakini ndani yake mna kimiminika kinachoshika moto, na utando mwembamba unaotenganisha pande zake mbili. Utando huo ukitoboka au ukiyeyuka, pande hizo hugusana, joto hupanda ghafla, na betri huweza kuwaka au kulipuka. Moshi wake una gesi za sumu zinazounguza mapafu.

Hata kampuni kubwa zimepatwa na jambo hili. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 baada ya baadhi yake kuwaka kwa sababu ya kasoro za betri. Mwaka huo huo, mwezi Juni, simu bandia zilizimwa hapa Tanzania. Ikiwa simu halisi yaweza kuwaka, tujiulize kuhusu betri na chaja za bei ya kutupa zisizojulikana zimetoka wapi.

Madhara kwa mwili

Si lazima simu iwake ndipo iunguze. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1947 ulionyesha kwamba joto la nyuzi 44 tu, likigusa ngozi mahali pamoja kwa saa 6, linaweza kuiunguza. Mtu aliyelala fofofo juu ya simu inayochajiwa, na hasa mlevi, mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, au mtoto mchanga, huenda asisikie maumivu mapema. Mama anayenyonyesha asiache simu kitandani karibu na mtoto.

Mambo ya kuzingatia

1. Usichaji simu chini ya mto, ndani ya blanketi au juu ya godoro. Iweke mezani au sakafuni, mbali na pazia na nyasi za paa.
2. Usichaji karibu na petroli au mafuta ya taa. Wanaouza petroli ya bodaboda kwa chupa wazingatie sana jambo hili.
3. Unapochaji kwa umeme wa jua, paneli ibaki juani na simu iwe kivulini.
4. Tumia chaja inayofaa simu yako. Waya uliochunika usiufunge kwa nailoni, nunua mwingine.
5. Simu ikipata moto sana, ichomoe kwenye chaja, ivue kava, izime na uiache kivulini. Usiitie kwenye friji wala majini.
6. Betri ikivimba, acha kuitumia mara moja. Usiitoboe, usiikandamize, usiichome katika shimo la taka, wala usiwape watoto waichezee. Mpelekee fundi anayeaminika.

Ajali ikitokea

Simu ikianza kutoa moshi, usiishike. Watoe watu nje kwanza. Zima umeme kama unaweza kuufikia swichi bila hatari. Ikiwa moto ni mdogo na umeme umezimwa, mwagia maji mengi ukiwa mbali. Moto ukizidi, toka nje, ita majirani na piga namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia jagi na umwage polepole. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo hubakiza joto na kuingiza vijidudu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke zahanati, hasa akiwa mtoto, au kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake au liko usoni, mikononi au sehemu za siri. Mwulize mganga pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyevuta moshi apelekwe hata kama haonyeshi jeraha.

Ndugu msomaji, simu imetusaidia sana. Kwa simu mkulima hujua bei ya mahindi Sumbawanga, na mama mjamzito humwita dereva usiku. Lakini uhai ni zawadi ya Mungu, na simu hununuliwa dukani. Wazazi, wekeni utaratibu: ikifika saa ya kulala, simu zote zitoke vitandani. Watoto watapata usingizi mzuri, nanyi mtalala bila hofu. Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane toleo lijalo.