Pampu Iliyozama Kisimani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye mdomo wa kisima huku Mwala, ambako chini kuna mwamba mgumu na maji hukaa katika nyufa zake. Msomaji atauliza: mota ya umeme ina shughuli gani majini? Si ingekaa juu, kivulini?

Ukweli ni kwamba pampu iliyokaa juu haivuti maji. Hupunguza hewa bombani, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha. Pwani, hewa haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 na kidogo. Mwala, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hata 10 hazifiki. Maji yaliyo mita 120 chini lazima yasukumwe kutoka huko huko.

Kwa hiyo mota hutengenezwa nyembamba kama mchi, ikafungwa chini ya pampu, na maji yanayokwenda kuingia pampuni huipoza yakipita ubavuni mwake. Juu yake impela, yaani magurudumu yanayosukuma maji, hupangwa kama sahani kabatini, kila moja ikiongeza msukumo. Mota ya namna hii huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kwa kasi hiyo shafti iliyokerezwa ovyo hula beringi upesi. Wachongaji vinyago wa Wamunyu, jirani zetu, huliamini jicho. Lakini mkereza chuma asiye na maikromita ni mbahatishaji. Mchanga nao ukiipanua nafasi kati ya impela na pete yake, maji hurudi yalikotoka na umeme ukaliwa bure.

Kuna hitilafu moja ya hila. Katika umeme wa fezi tatu, nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Haitoi moshi, na maji huendelea kutoka, ila machache. Basi kisima husingiziwa kukauka, mchimbaji akaitwa, kumbe dawa ni kuhamisha nyaya mbili kwenye sanduku la swichi!

Fezi moja ikikatika ni balaa. Mota iliyosimama hunguruma tu bila kuanza. Iliyokuwa ikizunguka hubebesha fezi mbili mzigo wa tatu, na koili zikaungua. Hapo bomba zima hupandishwa, kipande kwa kipande, mota ikasukwe upya.

Kuinua mita za ujazo 5 kwa saa kutoka kina cha mita 120 huhitaji wati 1,600 hivi, kabla ya kuhesabu hasara. Juma lijalo tutazihesabu hasara hizo, kisha tuchague mota.