Dhana ya Safu katika Uandishi wa Programu: Mfano wa Takwimu za Kajiado

Makala haya yanafafanua dhana ya safu katika uandishi wa programu za kompyuta na kueleza kwa nini mwanafunzi anayeanza anapaswa kuifahamu mapema. Mfano unaotumiwa ni matokeo ya sensa ya Kenya ya mwaka 2019 katika Kaunti ya Kajiado.

Katika sensa hiyo, wakazi wa Kajiado waliorodheshwa kwa kaunti ndogo sita: Kajiado Kaskazini 306,596, Isinya, uliko mji wa Kitengela, 210,473, Kajiado ya Kati 161,862, Kajiado Magharibi 182,849, Loitokitok 191,846, na Mashuuru 64,214. Mwanafunzi anayetaka kompyuta ijumlishe idadi hizi huenda akaunda vigeu sita, yaani majina sita ya kuhifadhia thamani, kisha akayataja yote katika amri ya kujumlisha. Njia hii hufanya kazi, lakini ina hatari. Akisahau kuitaja Mashuuru, kompyuta haitalalamika. Itatoa jumla ya 1,053,626 kana kwamba watu 64,214 hawapo. Jumla hiyo ikitumiwa kugawa maji au basari, kusahau jina moja hugeuka kuwa kuinyima haki kaunti ndogo nzima.

Safu huipunguza hatari hiyo. Safu ni mkusanyiko wa thamani zilizopangwa kwa mfuatano chini ya jina moja. Neno lenyewe si geni: husemwa safu ya askari na safu ya milima, na katika kila mfano vitu vya aina moja hufuatana. Katika lugha ya JavaScript, safu ya wakazi huandikwa hivi:

wakazi = [306596, 210473, 161862, 182849, 191846, 64214]

Kila thamani hutambuliwa kwa namba ya nafasi yake. Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba namba hizo huanzia 0 wala si 1. Sababu ni kuwa namba hiyo hupima umbali kutoka mwanzo wa safu. Msafiri anayeanzia Kitengela kuelekea Namanga huwa hajavuka hatua yoyote akiwa Kitengela. Akifika Isinya amevuka hatua moja, na akifika mji wa Kajiado amevuka mbili. Vivyo hivyo, wakazi[0] ni idadi ya Kajiado Kaskazini, wakazi[1] ni ya Isinya, na wakazi[5] ni ya Mashuuru. Hata hivyo, zipo lugha, kama vile Fortran na R, ambazo kwa kawaida huanzia 1. Mwanafunzi hana budi kuichunguza lugha anayoitumia.

Manufaa makubwa ya safu hudhihirika inapotumiwa pamoja na kitanzi, yaani amri inayorudiwa kwa kila thamani. Haba na haba hujaza kibaba: jumla huanza ikiwa 0, kisha kitanzi huiongezea thamani moja baada ya nyingine hadi mwisho wa safu, na jibu huwa 1,117,840. Iwapo kaunti ndogo nyingine itaanzishwa, thamani yake huongezwa kwenye safu tu. Kitanzi hakibadilishwi, kwa kuwa huiuliza safu yenyewe urefu wake.

Hata hivyo, safu haiondoi wajibu wa kuwa makini. Kitanzi kikianzia nafasi ya 1, Kajiado Kaskazini huachwa nje na jumla hushuka hadi 811,244, tena bila onyo lolote. Aidha, majina ya kaunti ndogo yakihifadhiwa katika safu ya pili, mpangilio wa safu hizo mbili lazima ulingane. Majina yakipangwa upya kialfabeti ilhali idadi zimeachwa zilivyokuwa, Isinya itapewa wakazi wa Kajiado Kaskazini.

Kwa hiyo, anayeanza kuandika programu ajizoeze mambo mawili: kukusanya thamani za aina moja chini ya jina moja, na kulinganisha jibu la kompyuta na jumla inayojulikana. Kompyuta hujumlisha ilichopewa tu. Kuhakikisha kwamba kila mkazi amehesabiwa ni kazi ya mwandishi wa programu.