Mwiria wa Meru na Embu: Mbegu Isiyongoja



Katika mas-ala ambayo wazee huniletea faraghani, baada ya watu kutawanyika msikitini, kuna moja lisilokatika. Mzee huanza kwa kuzungukazunguka, kisha hulitoa: mkojo hautoki vyema, na ukisha kutoka hubakia matone. Usiku huamka mara nne au mara tano. Je, udhu wake una hukumu gani? Jawabu la fikihi ni jepesi. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, kisha asali bila kuchelewa. Mwenyezi Mungu hakuifanya dini kuwa uzito. Ama jawabu la mwili, hilo si langu. Na aghalabu anayelijua jambo hili kabla ya sheikh na kabla ya daktari ni mkewe, maana ndiye amsikiaye akiamka.

Sababu yake kwa wengi ni tezi dume, ambayo huelekea kukua mwanamume apitapo miaka 50 na kuubana mkondo wa mkojo. Kwa ajili ya maradhi haya haya, dunia imekuwa ikiusaka mti mmoja wa milima ya Afrika, nao umo hapa kwetu Kenya, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru na Embu. Sisi watu wa Pwani tukizisikia nchi hizo mbili, linalotujia kwanza ni miraa na muguka. Leo naomba tuutazame mti huu mwingine.

Wameru huuita mwiria, na Wakikuyu huuita muiri. Ni mti mkubwa wa msituni, uwezao kufika mita 30 na zaidi, wenye majani ya kung'aa yasiyopukutika yote kwa pamoja. Ni wa ukoo mmoja na mlozi, na ukilifikicha jani lake utasikia harufu ya lozi chungu. Wenyeji waliujua kwa mbao zake ngumu na kwa gome lake la dawa tangu zamani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na gome hilo, na tangu hapo magunia kwa magunia ya magome yakasafirishwa kwenda Ulaya kutoka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwingineko.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Gome ndilo njia ipitishayo chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Mti uliobambuliwa upande mmoja kwa uangalifu huweza kupona. Uliobambuliwa pande zote hufa ukiwa umesimama. Mingi ilibambuliwa hivyo, na mingine ikakatwa kabisa ili magome ya juu yapatikane kwa wepesi. Ilipofika mwaka 1995, mwiria ukawa tayari umetiwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ikawekewa masharti.

Mtu atauliza: si upandwe mwingine? Ndiyo, lakini mbegu ya mwiria haingoji. Mahindi na kunde utaziweka ghalani mpaka mvua inyeshe. Mbegu hii ikikauka sana hufa, na hata ikihifadhiwa penye ubaridi na unyevu, uhai wake ni wa muda mfupi. Matunda yake madogo ya mviringo huchumwa yakisha kuiva na kuwa ya zambarau. Nyama ya tunda huondolewa mapema, kokwa zikaoshwa na kuanikwa kivulini, si juani, kisha zikapandwa kitaluni bila kukawia, katika udongo laini wenye unyevu. Huchipua baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Mche hulelewa chini ya kivuli chepesi, ukahamishiwa shambani mvua zinapoanza.

Kwa asili mwiria ni mti wa baridi ya milimani. Lakini sehemu nyingine za Afrika umeonekana hata kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Embu uko kwenye mita 1,350 hivi. Kwa hiyo mkulima wa ukanda wa kahawa huweza kuupanda, akichagua penye unyevu, mfano kando ya kijito, na kuufunika mche kwa matandazo wakati wa kiangazi. Akiteremka zaidi kuelekea nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, jua na uhaba wa mvua humshinda.

Wakulima wengi wa huko hupanda zaidi mgrevilea, wenyewe huuita mukima, kwa sababu hukua upesi na mbao zake huuzwa. Hawalaumiki, ada ya shule haingoji miaka 15. Na mwiria huchukua kiasi hicho au zaidi kabla ya kuzaa mbegu za kutosha. Aupandaye leo akiwa na umri wangu, huenda anampandia mjukuu.

Lakini je, si hiyo ndiyo sadaka tuliyofundishwa? Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia kwamba Muislamu akipanda mti, akila humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na matunda ya mwiria ndege na kima huyala kabla binadamu hajapata faida yoyote. Ndugu zetu mlioko Meru na Embu wenye mashamba, mche mmoja kwenye mpaka wa kahawa hautawapunguzia kitu.

Sisi wa Pwani mti huu hautatuotea, basi wajibu wetu ni mwingine. Kwanza, tusinunue magome ya kuchemsha yanayotembezwa mitaani. Hatujui yalivyobambuliwa, na mti huu una kemikali iwezayo kutoa sumu ya sianidi. Wataalamu walioyapitia majaribio 18 ya wanaume 1,562, wakatoa matokeo yao mwaka 2002, waliona kuwa dawa iliyotengenezwa kwa gome hilo hupunguza adha kwa kiasi, na walisema pia kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Haikuthibitishwa kuwa ni tiba ya saratani. Pili, enyi mama zetu na dada zetu, mumsikiapo mzee akiamka usiku mara kwa mara, msinyamaze kwa haya. Mwambieni kwa upole aende hospitali akapimwe, maana saratani ya tezi dume nayo huweza kujificha nyuma ya dalili hizo hizo, au isiwe na dalili kabisa.

Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia dawa. Dawa hiyo ni amana, na mwenye kula amana ya wajao atakuja kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.